Lango la Mbuzi

Kibanda cha Kashindye kilikuwa Ng'ambo,
nyuma ya mashine ya kukoboa:
mabati, benchi, runinga ya chogo
na padi iliyofungwa mpira wa baiskeli pale ilipopasuka.
Mia mbili, dakika kumi.
Saa ya mezani ikilia unakabidhi,
hata kama umo katikati ya mto.

Gemu lilikuwa na kumbukumbu moja tu.
Kwa hiyo watoto arobaini tuliishi maisha ya mtu mmoja,
msafiri wa joho la kijani, asiye na jina:
asubuhi wangu, adhuhuri wa Mlekwa,
jioni wa mapacha wa fundi redio.
Alicholala nacho huyu, yule aliamka nacho.

Zamu yangu ilikuwa ndogo. Zizi. Mbuzi saba.
Maandishi meupe chini ya kioo,
na Mihayo, peke yake aliyekijua Kiingereza,
akatusomea kwa sauti kama kawaida yake:
«Ufunge lango? Ndiyo. Hapana.»
Zilibaki sekunde tisa.
Nilitaka nimwone farasi kabla saa haijalia.
Nikabonyeza duara.
Hakikutokea kitu. Hata muziki haukubadilika.

Jumanne mbuzi walikuwa kwenye mtama wa jirani.
Wiki iliyofuata jirani hakuitikia salamu.
Kisha ndugu wawili wakagawana kisima kwa kamba,
kisha kamba ikakatwa,
kisha mapacha wakakuta daraja halina mbao,
na tumbaku ilipoanza kukaushwa huku kwetu
kule mji wa minara ulikuwa unawaka,
na yule mama wa mishumaa, aliyetupunguzia bei siku zote,
amelala barabarani, rangi moja na barabara.

Mtoto mwenye masizi akasimama mbele ya zizi tupu.
Akatugeukia. Mihayo akasoma:
«Nani aliliacha lango wazi?»

Kashindye akapunguza sauti.
Tukatazamana, arobaini.
Mlekwa akasema, Mihayo huyo. Alisoma vibaya.

Hapo hapakuwa na maandishi meupe,
hapakuwa na duara wala msalaba,
na sekunde zilikuwa nyingi, nyingi mno kuliko tisa.
Nilihesabu mizunguko ya ule mpira kwenye padi.
Kumi na minne.

Kashindye alimfukuza kwa utani, nadhani.
Sisi tulimfukuza kwa kweli.

Akaanza kushinda stesheni na beseni la karanga.
Mjomba wangu Nkwabi alifanya kazi huko,
pale reli zinapoachana mashariki na kaskazini na magharibi;
alivuta wenzo, ulimi wa chuma ukasogea
upana wa kiganja, basi:
huku Mwanza, huku Kigoma.
Alisema abiria hawasikii kitu.
Wanajua kesho yake,
harufu ya ziwa inapokuwa ya ziwa lingine.

Siku moja treni iliondoka kabla Mihayo hajashuka,
au hakutaka kushuka.
Mama yake hajui hadi leo ni ziwa gani.

Ule mtihani wa ufa na ukuta niliufanya darasa la sita.
Kamilisha methali. Nilipata tiki.

Sasa nauza asali, nina geti la chuma,
na usiku narudi kulishika mara mbili
mume wangu akicheka kitandani.
Juzi binti yangu Nyamizi alikuwa na simu,
gemu jingine, joho jekundu,
kidole kinaelea juu ya kioo.
«Mama, huyu nimwambie ukweli, au nipite tu?
Ni kitu kidogo.»

Nikaweka chini mfuniko wa ndoo.
Mikono ilikuwa inanata.
Nikamwambia, soma tena.
Soma kwa sauti.